Bastola Ilivyomnyamazisha Mke Wangu

Wiki iliyopita mliniacha kwenye duka la silaha, nimesimama mbele ya kaunta, natabasamu kama bwana harusi. Kwa aliyechelewa kujiunga nasi nitamkumbusha kwa kifupi tu, maana ya leo ni mazito.

Mimi ni muuza vifaa vya ujenzi. Misumari, rangi, mabati, saruji. Mtaani wananiita Bwana Misumari. Siku moja mchana kweupe majambazi waliingia dukani, wakanifunga mikono kwa waya wangu mwenyewe wa kufungia nondo, wakanilaza kifudifudi juu ya mifuko ya saruji. Mimi nilinyamaza kama maji ya mtungini. Aliyewakabili kwa maneno ni mke wangu. Aliwasema wale watu mpaka mmoja wao, bastola mkononi, akamwambia, "Mama, tunakuomba upunguze sauti."

Habari zikasambaa. Watu hawakuwacheka majambazi, walinicheka mimi. "Kwa Bwana Misumari, mwanaume ni yule mwenye gauni." Ndipo nikaapa kwamba lazima nami nimiliki chuma changu. Nikaomba kibali. Nikazungushwa, nikachukuliwa alama za vidole, nikapimwa akili, nikasota kwenye mabenchi ya ofisi hadi suruali zikang'aa makalioni. Mwishowe nikapewa.

Polisi walimhoji mke wangu kama anakubali. Akakubali. Lakini mimi aliniwekea sharti lake. "Hicho kitu kisivuke kizingiti cha nyumba yangu. Kikae dukani." Nikamwahidi. Hata kibali chenyewe kilisema hivyohivyo: silaha itunzwe dukani, ndani ya kasha la chuma.

Haya, tuendelee.

Muuzaji aliiweka juu ya kaunta, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Ishike, bosi. Ni yako."

Nikaishika. Nilidhani itakuwa nyepesi, kumbe ni nzito kama kufuli la ghala.

"Unajisikiaje?"

"Kama nimezaliwa upya," nikamjibu.

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Nikikumbuka, natamani kujificha chini ya meza.

Nilikwenda moja kwa moja dukani. Kasha la chuma lilikuwa tayari, nimelifunga kwa bolti kwenye sakafu ya stoo, nyuma ya makopo ya rangi. Nikalifungua. Nikaitazama bastola, nikalitazama kasha. Nikajiambia: nikifunga duka jioni, yenyewe inabaki huku na mimi nipo kule. Sasa hapo inanilinda nini?

Hicho kilikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba bastola iliyofungiwa stoo haina mtazamaji, na mimi nilitaka mtu aione.

Nikaichomeka kiunoni, nikashusha shati, nikaenda nayo nyumbani.

Mke wangu alikuwa jikoni anabishana na redio.

"Huyu mtangazaji hajawahi kufika sokoni maisha yake yote," alisema aliponisikia naingia. "Eti nyanya zimeshuka bei. Zimeshuka wapi? Kwao?"

"Mama watoto, hebu geuka uone."

Akageuka. Nikafunua shati.

Mwiko ukasimama hewani.

"Tulikubaliana nini?"

"Ni kwa leo tu, nilitaka..."

"Nimekuuliza, mume wangu. Tulikubaliana nini?"

"Dukani wakirudi wale watu wataiba na yenyewe! Unataka wanimalize kwa risasi zangu mwenyewe?"

Nilikaza miguu kungoja kimbunga. Mke wangu akianza, haachi mpaka ulie au ucheke. Lakini hakuanza. Alitazama kiunoni kwangu, kisha akatazama mkono wangu wa kulia. Na mimi nikautazama. Mkono ulikuwa umekaa juu ya mpini wa bastola. Wallahi sikujua umefika pale saa ngapi.

"Sawa," akasema.

Akazima redio.

Msiomjua mke wangu hamtaelewa uzito wa neno hilo. Mtaani wanamwita Wakili. Amewahi kubishana na benki, na benki ikaomba radhi. Amewahi kubishana na daktari kuhusu mguu wangu, na mguu ukampa yeye haki. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kushinda ugomvi hata mmoja. Kila mara mimi ndiye ninayeinua mikono na kusema, "Basi, yaishe."

Sasa kikaingia kile kitu, na yeye ndiye akaanza kusema yaishe.

Nitasema kweli hata kama itanivua nguo: nilifurahi.

Nilijiona nimepanda cheo. Nikaanza kumpima. Nikanunua kochi la rangi ya damu ya mzee bila kumwuliza, mguu wake mmoja mfupi. Vijana wa mkokoteni wakaliingiza sebuleni.

"Unalionaje?"

"Zuri."

"Linayumba kidogo."

"Tutaweka kipande cha tofali. Sawa."

Wakili ninayemjua mimi angelirudisha lile kochi na kumkalisha muuzaji juu yake njia nzima. Huyu alikwenda kutafuta tofali.

Dukani nikawaambia wateja, "Nyumba inataka msimamo." Wakaacha kuniita Bwana Misumari, wakaanza kuniita Komando. Nikawa naingia mtaani kifua mbele, shati nimelichomoa makusudi upande mmoja ili anayetaka kuona uvimbe wa kiunoni auone.

Halafu kikatokea kisa cha mdogo wake.

Mdogo wake wa tumbo moja alijifungua mtoto wa kwanza, kwa upasuaji, na hali yake haikuwa nzuri. Mke wangu alitaka kwenda kumuuguza. Nikakataa. Sababu yangu ilikuwa ya kijinga hata kuiandika: nani atanipikia?

Ile sauti yake ya zamani ikarudi ghafla, kama umeme uliokatika ukarudi.

"Yule ni damu yangu! Amepasuliwa, hawezi hata kugeuka kitandani! Nakwenda, na wewe jikoni unapajua njia yake, pako palepale tangu tujenge!"

Niliinuka, nikaingia chumbani, nikarudi na bastola. Nikatandika gazeti juu ya meza ya chakula. Nikatoa risasi, moja baada ya nyingine, nikazipanga pembeni. Nikaanza kuifuta kwa kitambaa, taratibu.

"Endelea," nikamwambia bila kuinua macho. "Nakusikiliza."

Hakuendelea. Sebule ilikuwa kimya hata kitambaa kikasikika kinavyopita juu ya chuma. Binti yetu alikuwa mlangoni na madaftari yake ya shule kifuani, anatazama.

"Nitampigia simu," mke wangu akasema. "Ataelewa."

Sikumtishia, siyo? Sikumnyooshea, sikumtukana, sikuinua sauti. Nilikuwa nasafisha mali yangu mezani kwangu. Hivyo ndivyo nilivyojieleza siku zile.

Lakini nilikuwa nimeisafisha jana yake. Haikuwa na hata chembe ya vumbi. Najua nilichokuwa nafanya, na yeye alijua, na mtoto mlangoni alijua. Nikamaliza, nikarudisha risasi zote ndani, nikaenda kuifungia kwenye kisanduku cha chuma juu ya kabati. Usiku huo nilikula nikashiba. Mke wangu alisema ana kiungulia.

Siku chache baadaye nilirudi nyumbani mchana nina homa kidogo. Nikajitupa kitandani, bastola nikaiweka chini ya mto. Mke wangu akaingia na nguo alizopiga pasi. Mlango ukalia. Nikaruka, mkono tayari uko chini ya mto.

Nguo zikaanguka. Yeye akabaki amesimama, mikono juu, viganja wazi.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi, ni mimi, ni mimi."

Nikacheka. Nilicheka kwa sababu niliona aibu, lakini yeye alisikia kicheko tu.

Binti yangu yuko sekondari, kidato cha pili. Si mtoto wa maneno mengi, maneno yote kwenye nyumba ile yalikuwa ya mama yake. Jumapili moja nilikuwa nje naosha pikipiki, akaja akasimama karibu na ndoo.

"Baba, kwa nini Mama anapiga hodi chumbani kwake?"

"Hodi gani?"

"Akitaka kuingia chumbani kwenu anapiga hodi. Akitoka bafuni anakohoa kwanza. Hata jikoni ukiwa wewe umeingia kunywa maji, anasema 'ni mimi' kabla hajaingia."

Sponji likanidondoka.

"Anaogopa nini? Nimewahi kumpiga mama yako?"

"Hapana."

"Nimewahi kumtukana?"

"Hapana, Baba."

"Sasa?"

Akaokota sponji, akaanza kuosha tairi ili asinitazame.

"Zamani mkigombana mimi nilikuwa nafanya hesabu zangu vizuri tu. Nilijua mkimaliza tutakula. Siku hizi hamgombani, na mimi tumbo linaniuma."

Nilimwacha na ile pikipiki, nikaingia ndani. Mke wangu alikuwa anashona kifungo cha shati langu, amekaa kwenye lile kochi, upande ule unaoyumba.

"Mke wangu, unaniogopa?"

"Hapana."

"Niambie ukweli."

Akatazama kiunoni kwangu.

"Kipo?"

"Hakipo. Kiko kabatini, kimefungwa."

Akachoma sindano kwenye mto wa kochi, akaweka shati kando.

"Siku ile dukani, watu walishangaa nilivyowasema wale majambazi. Hata wewe ulishangaa. Unadhani sikuiona bastola yao? Niliiona. Lakini nilijua wale ni wapita njia. Nitapiga kelele, watachukua, wataondoka. Wewe utaondoka uende wapi? Wewe unalala hapa."

Nikaliokota lile shati, nikalishika.

"Nikitaka kukuambia kitu sasa," akaendelea, "kwanza najiuliza: leo naongea na mume wangu, au naongea na kile kitu? Na kwa kuwa sijui, nasema sawa. Ni hivyo tu. Nipe shati, kifungo hakijakaza."

Akaendelea kushona. Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Nililia, jamani. Nililia huku nimefungulia bomba la maji ili nisisikike.

Kesho yake sikufungua duka. Nilikwenda polisi, makao makuu ya wilaya, kwa yule afande mwenye dawati la silaha. Alinikumbuka mara moja.

"Komando! Umekuja kuongeza ya pili?"

"Nimekuja kurudisha ya kwanza."

Akaweka kalamu chini.

"Mzee, ulitusumbua hapa mpaka tukawa tunajificha chooni tukikuona. Leo unarudisha? Ina kasoro?"

"Haina."

"Sasa sababu nini?"

"Mke wangu amenyamaza."

Alicheka. Alicheka mpaka akaita mwenzake wa chumba cha pili ili naye aje asikie. Kisha akaniona usoni, akaacha.

"Keti," akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Nikuambie kitu. Kuna wanaume wanakuja hapa kutafuta hiki chombo kwa sababu hiyohiyo. Hawaisemi, lakini tunawaona. Wewe kwenye ombi lako uliandika nini?"

"Majambazi."

"Wote wanaandika majambazi."

Nilitamani sakafu ipasuke. Nilikuwa nimekuja kama mtu mwenye toba, kumbe kwenye dawati lile mimi ni wa kawaida tu, mmoja katika foleni.

"Kailete," akasema. "Ilete wewe mwenyewe, pamoja na kibali chake. Usipitie popote, usimpe mtu akushikie. Tutaipokea, tutakuandikia, utalala usingizi."

Nilitoka pale mwepesi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mke wangu. Nitamwambia aende kwa mdogo wake leo hii, akae hata mwezi. Nitamwambia kochi lirudi lilikonunuliwa. Nitamwambia anitukane kidogo, nisikie.

Nikaingia chumbani. Ufunguo wa kisanduku huwa nauficha ndani ya viatu vyangu vya harusi. Nikaingiza mkono kwenye kiatu cha kushoto. Hakuna. Cha kulia. Hakuna.

Nikapanda juu ya stuli. Kisanduku kiko wazi, ufunguo unaning'inia kwenye tundu lake.

Bastola haimo.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nimesimama jikoni. Binti yangu alikuwa mbele ya karo la vyombo, kanipa mgongo. Siku hiyo hakwenda shule, alisema tumbo.

"Mama yako yuko wapi?"

"Ametoka na kikapu."

"Kwenda wapi?"

"Hakusema."

"Alikuwa vipi? Alikuwa analia? Alikuwa na hasira?"

"Alinibusu," akasema.

Kichwani mwangu yakapita mambo ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Mtu mnyamavu, kikapu, bastola. Nikapiga simu yake, ikaita juu ya friji. Ameiacha. Nikatoka mbio mpaka barabarani, nikatazama huku na huku kama kuku aliyekatwa kichwa, nikarudi. Binti yangu alikuwa bado palepale, mikono ndani ya maji, haoshi kitu. Nililiona hilo, nikalipita.

Simu yangu ikalia. Ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, fundi wa magari ng'ambo ya daraja.

"Shemeji, uko wapi?"

"Nyumbani. Shemeji, mdogo wako..."

"Niko naye. Ameshikwa."

"Ameshikwa na nani?"

"Na polisi, hapa kwenye kizuizi cha barabarani, darajani. Wamemkuta na bastola kwenye kikapu. Njoo. Na uje na akili zako zote."

Kituo cha darajani, upande wa pili wa mto, ni chumba kimoja na benchi moja. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Kaka yake alikuwa amesimama nyuma yake na ovaroli lake la grisi. Mezani vitunguu vimetawanyika, na katikati ya vitunguu bastola yangu, ndani ya mfuko wa nailoni.

Afande alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu. Kibali hiki hapa."

Akakisoma chote, bila haraka.

"Huyu mama anasema alikuwa anampelekea kaka yake ili wakaisalimishe polisi. Nimemwambia, mama, polisi si ndio sisi? Mbona unatupita na kikapu umekifunika vitunguu? Kila ninayemshika hapa husema alikuwa njiani kuja kwangu."

"Anasema kweli," nikasema.

"Hayo nitayaamua mimi. Wewe nijibu moja tu. Ulimpa, au aliichukua bila wewe kujua?"

Nikafungua mdomo. Akainua kidole.

"Ngoja, usikimbilie. Nikueleze ili usije ukasema hukujua. Ukisema aliichukua kwa kificho, wewe ni mlalamikaji. Unaandika maelezo, unakwenda nyumbani, chuma chako kitakufuata. Yeye analala ndani kwa wizi wa silaha. Ukisema ulimpa, kosa lake linakuwa dogo na lako linakuwa kubwa. Umemkabidhi silaha mtu asiye na kibali, na tena imetoka nyumbani wakati hapa pameandikwa dukani. Hapo anayelala ndani ni wewe."

"Andika kwamba niliiba," mke wangu akasema.

"Sikukuuliza wewe, mama."

"Nilitoa ufunguo kiatuni. Hakunipa. Yeye alikuwa ametoka. Andika tu."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeagiza sukari. Shemeji yangu akageukia ukutani, misuli ya taya inacheza.

Na sasa nifike mahali panaponiuma kuliko pote. Nilipima. Sikujibu papo hapo, nilipima. Nilifikiria duka. Nilifikiria watu watasemaje wakisikia Komando yuko rumande. Nikawaza, si amesema mwenyewe? Yalipita haraka mno, pengine hakuna aliyeona. Mke wangu aliona. Ninamjua. Aliinamisha kichwa, akaanza kuokota vitunguu, kimoja kimoja, kuvirudisha kikapuni.

"Nilimpa mimi," nikasema.

Kitunguu kikabaki mkononi mwake.

"Umempa?"

"Nimempa. Na nyumbani niliipeleka mimi, siku ileile niliyoinunua. Kibali nimekivunja tangu siku ya kwanza. Na mke wangu nimemtisha kwayo, bila kumnyooshea. Kama hilo nalo lina kifungu chake, liandike."

Kwamba nilimpa ulikuwa uongo. Mengine yote yalikuwa kweli. Katika kisa hiki chote, uongo ule pekee ndio nisioujutia.

Mke wangu akaniangalia usoni. Si kiunoni, usoni. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Shemeji yangu akapumua, mabega yakashuka.

"Haya," afande akasema, akashusha miwani machoni. "Tutaandika hivyo. Sasa limebaki dogo, nijaze sehemu hii ya chini. Risasi ziko wapi?"

"Zimo humo ndani."

"Hazimo."

Akaichukua bastola kwenye mfuko, akachomoa kibebeo cha risasi chini ya mpini, akanigeuzia nione. Kitupu. Akavuta chuma cha juu, akanionyesha na huko. Kitupu.

"Afande, nilizirudisha mwenyewe. Kwa mikono yangu, siku niliyoisafisha."

"Basi mama amezitoa."

"Mimi?" mke wangu akasema. "Mimi hata sijui zinatokea upande gani! Nimeishika kwa kitambaa, kama mtu anayetoa panya aliyekufa, nikaitia kikapuni. Nimeichukua kama nilivyoikuta."

Nikamtazama. Akanitazama. Nyumba yetu ina watu watatu.

"Mtoto," tukasema kwa pamoja.

Afande aliacha kuandika.

"Mpigie. Weka sauti tusikie wote."

Nikakosea namba mara mbili. Shemeji akaninyang'anya simu, akapiga yeye, akaiweka mezani. Iliita sana. Kisha ikapokewa, na kilichosikika kwanza ni pumzi za mtu aliyekwisha kulia.

"Baba?"

"Mwanangu, risasi ziko wapi?"

Akavuta kamasi.

"Mama yupo hapo?"

"Nipo, mama yangu," mke wangu akasema, akiisogelea simu. "Hakuna atakayekugusa. Sema."

"Nilizitoa mimi." Maneno yakaanza kumtoka kwa mkupuo. "Siku ileile Baba alipomaliza kuisafisha. Nilimwona anavyozitoa, nami nikafanya vilevile mlipokuwa mmelala, ufunguo nikautoa kiatuni. Niliogopa, Mama. Nikasema hata wakigombana tena, haitakuwa na kitu. Nilitaka zitupwe mbali, na mimi sikujua pa kuzitupa. Kuna mtu nilimpa akanitupie mtoni."

"Mtu gani?" mama yake akauliza.

"Alisema atazitupa. Aliapa. Leo asubuhi amenitumia ujumbe kwamba anazo. Anasema risasi peke yake hazina kazi, nimpelekee na yenyewe. La sivyo atakwenda kusema kwamba sisi tunauza silaha."

Afande alikwishasimama. Alikuwa ananionyesha kwa mkono: endelea kumwongelesha, endelea.

"Mwanangu, umemjibu nini?"

"Nimemwambia haipo, Mama ameondoka nayo. Haamini, Baba. Anasema atakuja kuitafuta mwenyewe, kwa kuwa anajua ninyi hampo."

"Amejuaje kama hatupo?"

Nikasikia kiti kikisogezwa, na nyayo zake zikikimbilia dirishani. Halafu, mbali kidogo na simu, nikasikia mlio ninaoujua vizuri kwa sababu kila siku nasema nitautia mafuta: geti letu linasukumwa.

Sisi wote tulikuwa ng'ambo ya daraja.